Dar inaongoza darasa la saba. Mbona wenye uwezo wanaikimbia Kayumba?

Baraza la Mitihani likitangaza matokeo ya darasa la saba, mkazi wa Dar es Salaam hana haja ya kushika roho. Kwa miaka mingi sasa mkoa huu umekuwa kileleni au jirani kabisa na kilele. Wakati huohuo dereva bodaboda wa Tabata, muuza nguo wa Kariakoo, hata mwalimu anayefundisha shule ya serikali, mambo yakimnyookea kidogo tu humtoa mwanawe Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, na kumpeleka shule ya binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, yenye basi la njano. Ama matokeo yanadanganya, ama wazazi hawajui wanachokikimbia. Mimi sioni anayedanganya. Matokeo yanaeleza jiji zima kwa namba moja, mzazi anaeleza chumba kimoja alichokiona siku alipompeleka mtoto kuandikishwa, na katikati ya hivyo viwili kuna mambo ambayo hayasomwi kwenye vipaza sauti.

Tuanze na hiyo namba. Matokeo ya mkoa yanachanganya shule zote, za serikali na za binafsi. Dar ina shule za binafsi nyingi kuliko mikoa mingi, na nyingi kati yake hufaulisha darasa zima au karibu lote. Mtoto wa Masaki na mtoto wa Mbagala Rangi Tatu wanagawana asilimia ileile. Anayesema "Dar imefaulu" bado hajasema lolote kuhusu shule za serikali.

Hata ukiziondoa za binafsi, mtoto wa Kayumba ya Dar yuko mbele ya wenzake wengi wa vijijini. Vipimo vya mpango wa Uwezo, ambavyo huwafuata watoto majumbani na kuwapa hadithi fupi wasome na hesabu wakokotoe, vimekuwa vikiliweka jiji hili mbele. Lakini sababu nyingi za ubora huo ziko nje ya geti la shule. Kiswahili cha kitabuni ndicho kinachozungumzwa sebuleni, wakati mtoto wa Kisukuma au Kimasai hukikuta darasani kama lugha ya pili. Kuna mabango ya kusoma kila kona, kuna dada au kaka aliyemaliza kidato cha nne wa kumsaidia, kuna twisheni kila mtaa, kibarazani kwa mtu, inayolipwa kwa siku au kwa wiki. Mzazi wa jiji anainunua elimu kidogokidogo jioni, halafu asubuhi shule inahesabiwa imefaulisha.

Na mtihani wenyewe una historia yake. Mwaka 2012 waliofaulu nchi nzima walikuwa asilimia 31 hivi. Kufikia 2019 walikuwa wamevuka asilimia 80. Ni mwaka huohuo 2012 karatasi zilipoanza kusahihishwa kwa kompyuta na maswali yakawa ya kuchagua herufi, na ndio mwaka ilipobainika kuwa maelfu ya wanafunzi walikuwa wameingia kidato cha kwanza bila kujua kusoma na kuandika. Aibu ile ilisaidia kuleta msisitizo wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kwa darasa la kwanza na la pili, na mtaala uliofuata mwaka 2015. Kwa hiyo sehemu ya kupanda kwa ufaulu ni elimu kweli. Sehemu nyingine ni shule kuuzoea mtihani: mitihani ya majaribio, mitihani ya Jumamosi, darasa la saba kubaki hadi jioni. Asilimia moja haiwezi kukuambia ipi ni ipi.

Walimu wapo, vyumba havipo

Hapa ndipo Dar inapotofautiana na sehemu kubwa ya nchi, na ndipo mjadala wa ubora hupotea njia mara nyingi. Ukienda Katavi au Tabora, kilio cha kwanza ni walimu. Dar ina kilio kingine. Walimu huja mjini kwa njia nyingi, na kubwa ni uhamisho wa kumfuata mwenza. Kuna wanaofuata matibabu, kuna wanaofuata vyuo. Kuwarudisha wilaya za mbali kama Nkasi au Kakonko si rahisi.

Chukua shule ya mfano, niipe namba nyepesi: wanafunzi 2,000, walimu 40, vyumba vya madarasa 16. Afisa anayejaza takwimu ataandika kwamba mwalimu mmoja anahudumia wanafunzi 50, karibu na kiwango cha serikali cha 45. Hajakosea. Wewe ukifungua mlango wa darasa utakuta watoto 125, wanne kwa dawati na wengine sakafuni. Nawe hujakosea. Vyumba 16 vinaweza kupokea walimu 16 kwa wakati mmoja. Wale 24 waliobaki wako ofisini, wako chini ya mwarobaini wakisahihisha madaftari, au wamekwenda kufuatilia mambo yao.

Jambo hili linasaidia kuelewa takwimu ambayo imewakera walimu kwa muda mrefu. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014 ulikuta kwamba walimu wengi wa shule za msingi za Tanzania walikuwepo shuleni siku ya ukaguzi wa ghafla, lakini karibu nusu hawakuwa darasani. Watu walisoma "utoro" wakafunga mjadala. Utoro upo, na kila mzazi anamjua mwalimu ambaye kipindi chake cha saa nne huishia kwenye simu. Ila kwenye shule ya jiji yenye vyumba vichache, sehemu ya kile kinachoitwa utoro ni hesabu tu. Hata ukiwachapa wote viboko vya kiutawala, vyumba vitabaki 16.

Shule zilizoelemewa zinajitetea kwa kuingiza watoto kwa zamu mbili, wengine asubuhi na wengine mchana. Shule yetu ya mfano ikifanya hivyo, darasa linashuka hadi watoto 62 au 63. Ni nafuu kubwa, na mwalimu anaweza angalau kupita katikati ya madawati. Bei yake inalipwa kwa saa. Siku moja ya masomo imekatwa vipande viwili, na mtoto wa zamu ya mchana anakaa darasani wakati bati limechemka na tumbo halina kitu. Asubuhi nzima alikuwa nyumbani, mara nyingi bila mtu mzima, na jioni anagombania daladala pamoja na watu wanaotoka kazini. Takwimu za uwiano zinaihesabu nafuu. Saa zilizopotea hazina safu kwenye jedwali.

Njia nyingine ni kuigawa shule. Majimatitu, kule Mbagala, ilivuma nchini kwa wingi wa wanafunzi wake, na dawa ya shule za aina hiyo imekuwa kuzikata: A, B, wakati mwingine na C, ndani ya ua uleule. Kila moja inapata mwalimu mkuu wake, namba yake ya mtihani na akaunti yake. Kiutawala inasaidia, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuongoza maelfu ya watoto. Lakini uwanja haujaongezeka hata hatua moja, na vyoo ni vilevile. Kiwango cha serikali ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kwa shule yetu ya watoto 2,000 hayo ni matundu 90. Mwenye kujua shule ya pembezoni mwa jiji yenye matundu 90 anionyeshe.

Kata ipi

Sensa ya 2012 iliikuta Dar ina watu milioni 4.36. Ya 2022 iliikuta ina milioni 5.38. Hilo ongezeko la milioni moja halikwenda Upanga wala Oysterbay. Limekwenda Chamazi, Chanika, Kivule, Msongola, Goba, Mbezi na ng'ambo ya Kigamboni, kwenye mashamba ya mikorosho na minazi yaliyokatwa viwanja na kuuzwa kwa mkataba uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Aliyekata viwanja hakuacha eka tatu za shule. Hakuna aliyemwambia aache. Sasa halmashauri ikitaka kujenga, inalipa fidia kwa bei ya mjini au inapandisha ghorofa juu ya shule iliyopo, na yote mawili yanagharimu kuliko shule ya kawaida ya kijijini.

Katikati ya jiji mambo yako kinyume. Shule za zamani zina majengo imara na uwanja, na wakazi wa mtaa wamezihama kwa sababu watoto wao wako shule za binafsi. Viti vinavyobaki hujazwa na watoto wa pembezoni wanaotoka nyumbani gizani kwa nauli ya mwanafunzi ya shilingi 200, ambayo ndiyo inayomfanya konda awaone kama mzigo na kuwaachia mlango dakika ya mwisho. Mzazi wa Gongo la Mboto anayempandisha mtoto wa darasa la tatu daladala hadi mjini kila siku hajachanganyikiwa. Amelinganisha vyumba, akaamua usingizi wa mtoto ndio utakaolipa.

Halafu kuna Olympio, Diamond na Bunge. Hizi ni shule za msingi za serikali, ziko katikati ya jiji, zinafundisha kwa Kiingereza na zinalipisha ada, ndogo kuliko za binafsi. Nafasi zake hugombaniwa vibaya. Huwa zinatolewa kama ushahidi kwamba serikali ikitaka inaweza, na ni kweli inaweza. Lakini tuwe wakweli kuhusu kilichobadilishwa hapo: idadi ya watoto ina kikomo, mzazi anachangia fedha, na aliyefika pale tayari ni mzazi wa kuhangaika. Ukimchukua mwalimu mkuu wa Olympio na wafanyakazi wake wote ukawapeleka Chanika, bila kikomo na bila ada, baada ya miaka miwili utakuwa na shule ya Chanika.

Shilingi 500 kwa mwezi

Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Michango ikarudi kupitia dirishani, hadi Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipotangaza elimu bila malipo kuanzia Januari 2016. Mwezi huo milango ya shule za jiji ilifurika. Watoto waliokuwa wamefichwa nyumbani kwa kukosa elfu ishirini ya kuandikisha walitokea wote kwa pamoja, na hilo peke yake ni jambo la haki ambalo wakosoaji wa sera hii hulipita haraka mno.

Mgawo wa fedha za kuendesha shule, maarufu kama ruzuku ya uendeshaji, ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Kiwango hiki kiliwekwa wakati wa MMEM kama dola 10, na wakati huo dola 10 zilikuwa karibu shilingi 10,000. Dola ikapanda, bei za rimu na chaki zikapanda, shilingi 10,000 ikabaki pale ilipo. Kati ya hizo, 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule. Ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Mishahara na ujenzi vina mafungu yake, kwa hiyo shule yetu ya watoto 2,000 inapata kama shilingi milioni moja kwa mwezi ya kulipia bili ya maji, umeme, karatasi za mitihani, chaki, kitasa kilichovunjika na michezo.

Ndipo inapokuja michango. Kwa mujibu wa waraka, sare, madaftari na chakula ni wajibu wa mzazi. Mlinzi je? Uji wa saa nne? Mtihani wa kila mwezi? Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, na walimu wakuu wakaogopa hata kuitisha kikao. Kilichofuata ni mpango wa chinichini unaojulikana na kila mtu: kamati ya wazazi "inakubaliana", fedha inakusanywa na mzazi mmoja kwa simu, mwalimu mkuu hajui lolote. Kata yenye wazazi wenye kazi za kueleweka inapata uji na karatasi za mitihani. Kata yenye vibarua wa siku haipati. Elimu ni bure pande zote mbili.

Ingekuwa rahisi kusema ongezeni fedha, basi. Utafiti mmoja mkubwa unazuia urahisi huo. Mwaka 2013 na 2014 shule 350 katika wilaya 10 za Tanzania zilihusishwa katika jaribio la KiuFunza, lililoendeshwa na shirika la Twaweza. Baadhi zilipewa fedha za ziada za uendeshaji. Nyingine walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la KKK. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Fedha za ziada peke yake hazikuongeza alama za watoto. Bonasi peke yake ilileta matokeo ya kuyumbayumba. Zilipokutana, watoto walijifunza zaidi kwa kiwango kilichoonekana wazi, kuliko hata ukijumlisha athari za kila moja. Vitabu visivyo na mwalimu mwenye sababu ya kuvifungua hukaa kabatini, na mwalimu mwenye ari asiye na kitabu huchoka.

Kushika mkia

Mwaka huohuo 2013 serikali ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Moja ya mbinu zake ilikuwa kuzipanga shule zote za msingi kwa wastani wa alama za darasa la saba, kitaifa na ndani ya wilaya. Wazazi wengi hata hawakujua orodha ipo. Aliyejua ni afisa elimu, na afisa elimu ndiye anayemwita mwalimu mkuu ofisini.

Wanauchumi Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walizifuatilia shule hizo. Walichokuta kinastahili kusomwa taratibu. Shule zilizoshika mkia ndani ya wilaya zao zilipandisha alama. Cha ajabu, kilichowasukuma kilikuwa nafasi ya wilayani, si ya kitaifa: shule mbili zenye alama sawa, moja katika wilaya dhaifu na nyingine katika wilaya kali, zilijibu tofauti, kwa sababu ile ya wilaya kali ndiyo iliyoonekana ya mwisho mezani kwa afisa. Katika halmashauri za Dar, ambako wastani uko juu, shule ya kawaida kabisa kwa vipimo vya nchi inaweza kujikuta mkiani. Sehemu ya pili ya matokeo ndiyo chungu. Shule hizo za mkiani zilipunguza pia idadi ya watoto waliofanya mtihani, wawili hivi kwa shule. Watoto wazito waliachwa nje ya mtihani, na wastani ukapanda.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa. Nilikubaliana nalo na bado nakubaliana. Ila mpangilio wa ndani, ule wa kwenye kikao cha walimu wakuu wa halmashauri, hauhitaji kutangazwa ili uumize.

Mzazi anayetaka kulalamika naye hana mlango mmoja wa kugonga. Shule iko chini ya halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Sera na mtaala ni vya Wizara ya Elimu na Taasisi ya Elimu Tanzania. Nidhamu ya mwalimu inashughulikiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, kwa hiyo mwalimu mkuu anaweza kuandika barua lakini hawezi kumfukuza asiyeingia darasani. Ukaguzi ni wa wadhibiti ubora, ambao wanaripoti Wizarani, wakati mwenye fedha za kurekebisha walichokikuta ni mkurugenzi wa halmashauri. Kila mmoja anaweza kukujibu kwa usahihi kwamba jambo lako si lake.

Jambo litakalolitikisa jiji hili limeshawekwa kwenye kalenda. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, inafanya shule ya msingi kuwa miaka sita na elimu ya lazima kuwa miaka kumi, hadi kidato cha nne. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo wanamaliza darasa la sita mwaka 2027. Waliokuwa la nne, wa mfumo wa zamani, wanamaliza la saba mwaka 2027 pia. Januari 2028 madarasa mawili yanagonga mlango wa kidato cha kwanza siku moja.

Kulikuwa na mbio za namna hiyo mwaka 2021, fedha za mkopo wa IMF za kukabiliana na Uviko zilipojenga madarasa 15,000 nchini, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, yaani shule ndogo zinazoshikiliwa na shule mama, kwa miezi michache. Sehemu nyingi kiwanja kilikuwepo, kilichosubiriwa ni saruji. Chamazi na Chanika zinahitaji fidia ya ardhi kwanza au msingi wa kubeba ghorofa, na vyote viwili huchukua zaidi ya bajeti moja. Bajeti za halmashauri hupikwa kuanzia mwishoni mwa mwaka na kupitishwa na madiwani kabla ya kwenda bungeni. Mwenye mtoto katika madarasa hayo mawili amuulize diwani wake, kabla ya kikao hicho, sekondari ya kata ina vyumba vingapi na kiwanja cha vinavyofuata kiko mtaa gani.